Binamu Mwenye Sauti ya Gwamaka

Siku Binamu alipoanza kuzungumza kwa sauti ya Gwamaka, Dada Tusekile aliacha kupigana naye.

Kabla ya hapo kila asubuhi ilikuwa vita. Binamu alikuwa mashine ya kuuguza, kimo chake kama mtoto anayemaliza shule ya msingi, mwenye magurudumu ya kupandia vizingiti na mikono miwili ya mpira laini iliyopashwa joto la mwili wa mtu. Serikali ilikuwa imempa jina refu lenye herufi na tarakimu. Watu wa Tukuyu walimwita Binamu, kwa sababu alikuja kukaa nyumbani kwako bila kusema ataondoka lini, ila afadhali yeye hakula. Alijua kupika uji, kumgeuza mgonjwa kitandani asipate vidonda, kupima presha, kuogesha na kukausha. Kwa Tusekile ujuzi wote huo haukufua dafu.

Kiharusi kilikuwa kimemwachia miguu isiyombeba, usahaulifu unaokuja na kuondoka, na macho yaliyoweza kutofautisha dirisha na ukuta, basi. Mtu kama huyo akiguswa na kitu asichokiona, halafu kitu hicho kikamwambia kwa sauti ya mtangazaji wa redio, "Habari za asubuhi, mteja wetu," atafanya nini? Tusekile alirusha kikombe. Kesho yake alirusha sahani. Alipigana kwa mkono wake mmoja mzima mpaka Binamu akarudi nyuma, kama alivyoelekezwa na waliomtengeneza, akasimama kwenye kona kusubiri hasira zipoe. Gwamaka aliporudi kutoka kazini alimkuta dada yake hajaoga, uji umekaukia ukutani, naye amechoka mpaka anatetemeka.

Gwamaka Mwakipesile alikuwa mdogo wake wa tumbo moja. Maporomoko ya udongo yalipowachukua wazazi wao, Tusekile alikuwa binti wa chuo cha ualimu na Gwamaka hajang'oa hata jino la kwanza. Binti aliacha chuo, akarudi, akauza ndizi na maparachichi, akamsomesha mdogo wake mpaka akawa fundi wa visima vya mvuke. Hakuolewa. Watu walipomuuliza, alisema anaye mwanaume mmoja tayari, na bado anakojoa kitandani.

Sasa mwanaume huyo alikuwa mtu mzima, ameachana na mkewe bila ugomvi, na alikuwa msimamizi wa zamu katika kituo cha mvuke kilichojengwa chini ya mlima. Ardhi ilikuwa imetobolewa kwenda chini hadi kwenye mawe ya moto. Mvuke ulipanda kwa mabomba, ukazungusha mitambo, na mikoa ya nyanda za juu ikapata umeme. Kisima cha namna hiyo hakiachwi peke yake. Mgandamizo ukipanda ghafla, lazima awepo mtu wa kuamua.

Kilichomwezesha Gwamaka kuwa na kazi hiyo na dada huyo kwa wakati mmoja ni Sheria ya Saa za Ulezi. Mwajiriwa mwenye mgonjwa nyumbani aliruhusiwa kuondoka mchana, na Mfuko wa Walezi ulimlipa saa zilizobaki kana kwamba bado yuko kazini. Asubuhi alikaa Binamu, mchana akaja ndugu. Nchi ilifika hapo baada ya miaka mingi ya watu kufukuzwa kazi kwa kosa la kuwa na mama mgonjwa.

"Tatizo si mikono yake," Bi Nyamizi Kasanda alimwambia Gwamaka. Huyu alikuwa ofisa wa Mfuko, mwanamke mfupi kutoka Urambo aliyeona baridi muda wote na kuvaa masweta mawili. Alikuwa amekaa jikoni kwa Gwamaka akiangalia doa la uji ukutani. "Mikono anaivumilia. Tatizo ni kwamba dada yako hamjui anayezungumza. Sasa kuna kitu kipya. Tunampa Binamu sauti ya mtu ambaye mgonjwa anamwamini."

"Sauti yangu?"

"Yako. Atamwita Dada kama unavyomwita wewe."

"Na dada atadhani ni mimi."

"Atadhani yuko na mtu wake," Nyamizi alisema. "Unaona ubaya gani hapo?"

Gwamaka alimtazama dada yake kupitia mlango uliokuwa wazi. Alikuwa amelala na uvimbe uliovilia damu kwenye kiwiko, pale alipojigonga akipigana. Hakuona ubaya mkubwa kuliko uvimbe ule.

Walimrekodi katika chumba kidogo kilichozibwa kwa sponji. Alisoma sentensi, akacheka, akakohoa, akaeleza mambo ya utotoni, akasema "Dada" kwa namna zote ambazo mtu anaweza kuliita neno hilo: kwa kuomba, kwa kutania, kwa haraka, kwa usingizi. Alipomaliza, mashine ilimwambia asante kwa sauti yake mwenyewe, na nywele zikamsimama.

*

Mambo yalikwenda vizuri. Kifuani Binamu alikuwa na mstari wa taa, mwekundu mgonjwa akihangaika, wa kijani akitulia. Mashine ilisikiliza ukali wa sauti, ikapima nguvu ya misuli inapokataa, ikahesabu pumzi, kisha ikatoa jibu moja la rangi. Tangu sauti ibadilishwe, rangi ilikuwa ya kijani asubuhi nzima, kila siku. Tusekile alikula uji. Alioga. Uvimbe wa kiwiko ulipona. Gwamaka alirudi nyumbani akamkuta anang'aa mafuta, nywele zimechanwa, kitenge kimefungwa vizuri.

Aliona pia kwamba dada yake amekuwa mkimya. Utani wake ulipungua. Gwamaka alijiambia ni ugonjwa, na kwamba ukimya ni bora kuliko vikombe kuruka.

Mvua za masika zilipoanza, Bi Nyamizi alirudi. Safari hii alikuja na furaha ambayo hakuweza kuificha.

"Ndugu Mwakipesile, nyumba yako ni mfano," alisema. "Wakubwa wameangalia rangi za dada yako na za wengine kama yeye. Wanataka sauti hizi zisambazwe nchi nzima."

"Ni jambo jema."

"Jema kuliko unavyofikiri. Binamu mwenye sauti anaweza kukaa na mgonjwa kutwa. Kwa hiyo Saa za Ulezi zitapunguzwa, na fedha zitakazopatikana zitanunua Binamu kwa watu ambao sheria imewasahau. Wachuma chai. Mama wauza ndizi. Watu wasio na mwajiri wa kumwambia wanaondoka mchana." Aliinama mbele. "Kamati ya Mfuko inakaa hapa mjini, kikao cha wazi. Tunaomba usimame useme ulichokiona. Basi."

Kazini walikuwa wameshasikia. Mkuu wa kituo alimwita Gwamaka, akamwambia nafasi ya kusimamia eneo lote la visima iko wazi, na kwamba hawezi kumpa mtu anayeondoka mchana, lakini mtu anayekaa kutwa angeipata bila mashindano. Gwamaka aliitamani nafasi hiyo tangu alipovaa kofia ngumu kwa mara ya kwanza. Alikubali kusema kikaoni.

*

Jumapili, baada ya ibada, Mama Lugano alikuja kumwamkia Tusekile kama kawaida yake. Alikuwa jirani, mchuma chai, na mumewe alikuwa amelala kitandani tangu alipoanguka kutoka paa la kiwanda akavunjika mgongo. Mama Lugano alipokwenda shambani alimfungia mlango kwa nje, akamwachia chupa ya chai na redio. Hakuwa na Binamu wala saa za mtu yeyote. Mpango mpya, ule wa Nyamizi, ndio ungemletea Binamu.

Alikaa na Tusekile muda mrefu kuliko kawaida. Alipotoka, alimkuta Gwamaka nyuma ya nyumba akipasua kuni.

"Kaka Gwamaka, nina neno," alisema. "Nikilisema ninajiumiza mwenyewe. Lakini siwezi kulimeza."

Gwamaka aliweka shoka chini.

"Dada yako ameniuliza kama kuna dawa ya mtu kutonuka bila kuoga."

"Dawa gani? Anaoga kila siku."

"Ndiyo maana anaiuliza. Hataki tena kuoga. Ameniambia, 'Mama Lugano, mdogo wangu ananivua nguo. Ananiosha kila mahali. Mtoto niliyembeba mgongoni. Mungu anachelewa kunichukua kwa nini?'"

"Lakini si mimi!" Gwamaka alisema. "Ni Binamu. Mimi sijawahi hata kuingia anapooga!"

"Mimi najua ni Binamu. Yeye anakusikia wewe."

Gwamaka alikuwa ametoa sauti yake kwa ajili ya salamu, uji na dawa. Hakuwaza hata mara moja kwamba mashine ina mdomo mmoja tu, na kwamba mdomo huo ungekwenda bafuni pia.

"Mbona hanipigii kelele?" aliuliza. "Alimrushia Binamu sahani."

"Ampigie kelele nani? Mdogo wake anayemhangaikia? Anavumilia ili usijisikie vibaya." Mama Lugano alifunga vizuri kilemba chake. "Nimesema. Nenda kasikilize mwenyewe."

*

Kesho yake aliomba mwenzake amshikie zamu, akarudi nyumbani asubuhi. Aliingia kwa mlango wa jikoni, akasimama kwenye ukumbi mdogo, mgongo ukiwa umeelekea mlango wa bafu. Hakukusudia kuona chochote. Alitaka kusikia.

Maji yalikuwa yakimwagika. Kisha akajisikia akizungumza.

"Inua mkono kidogo, Dada. Hivyo hivyo. Sasa geuka."

Sauti ilikuwa yake kabisa, hata ule ukwaruzo mdogo wa mwisho wa neno. Dada yake hakujibu. Sakafuni, chini ya mlango, mwanga wa kijani ulitoka ukatulia kwenye saruji. Gwamaka aliutazama. Maji yakamwagika tena, na katikati ya maji hayo akasikia mnong'ono wa mwanamke anayeongea meno yamebana.

"Nisamehe, mdogo wangu. Nisamehe."

"Hakuna shida, Dada," Gwamaka wa bafuni alijibu kwa uchangamfu. "Tunaendelea vizuri."

Mwanga ulibaki wa kijani.

"Binamu, acha!" Gwamaka alipaza sauti. "Nyamaza! Mfunike taulo, umpeleke chumbani, usiseme neno!"

Maji yalikatika. Tusekile akauliza, kwa hofu, "Gwamaka? Mko wangapi?"

Gwamaka alikaa chini pale pale ukumbini. Angeweza kudanganya, mchana angekuwa amesahau. "Niko mmoja, Dada," alisema kupitia mlango. "Huyo aliyekushika ni mashine. Ilipewa sauti yangu. Mimi niliitoa. Mimi sijakuogesha hata siku moja, Dada. Sijawahi kukuona."

"Apa," Tusekile alisema.

Gwamaka aliapa kwa kaburi la baba na mama yao.

"Nifunike," Tusekile aliiambia mashine, akaanza kulia kwa sauti ya juu, kilio cha mtu aliyepewa ruhusa. Mstari wa taa ukawa mwekundu, ukaanza kuwakawaka, na Binamu akatuma taarifa kwa Mfuko kwamba mgonjwa ana dhiki.

Ilimlazimu Gwamaka amwambie tena mchana, kwa kuwa alikuwa amesahau, na tena alipoamka, na tena siku iliyofuata. Kila mara alimwambia tangu mwanzo, na kila mara Tusekile alimwapisha upya. Hakuchoka.

*

Bi Nyamizi alikuja kwa sababu ya ile taarifa ya dhiki. Gwamaka alimwambia yote, naye alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, mikono ndani ya mikono ya sweta.

"Sikuliwaza hilo," alisema. "Nakiri. Tungeweza kuweka sauti nyingine bafuni."

"Halafu jikoni amwambie anakula na mdogo wake, wakati mdogo wake yuko kisimani?"

"Uji haumwaibishi mtu."

"Leo tumejua la bafuni kwa sababu ana jirani wa kumwambia. Kesho litakuwa lingine. Wako wangapi walio kijani nchi hii ambao hawana jirani?"

Nyamizi alisimama, akaenda dirishani. Mvua ilikuwa inapiga migomba.

"Nikuambie kuhusu mama yangu," alisema. "Alifia sakafuni, mimi nikiwa kazini. Alikuwa amekataa maji kwa sababu hakumjua msichana niliyemwajiri. Ningekuwa na mashine yenye sauti yangu, ningeiweka, na angedhani ni mimi kutwa nzima, na angekunywa maji. Aibu ningebeba mimi." Aligeuka. "Wewe umeshaizima sauti kwako. Nyumba yako imepona. Nakuomba ukae kimya kikaoni. Usisifu, usiponde. Ukiponda, kamati itaogopa, mpango wote utasimama, na huyo Mama Lugano aliyekusaidia ataendelea kumfungia mumewe kama mbuzi. Umelifikiria hilo?"

Alikuwa amelifikiria tangu Jumapili. Usiku huo hakulala, na asubuhi alikwenda kwa Mama Lugano kabla hajatoka kwenda shambani. Alimkuta akimlisha mumewe viazi. Baba Lugano alikuwa na mwili mkubwa uliokufa kutoka kifuani kwenda chini na kichwa chenye akili timamu kabisa.

Gwamaka aliwaeleza alichoambiwa. "Nikisema ukweli, mtachelewa kupata," alimalizia. "Pengine msipate kabisa. Siwezi kusimama pale kabla sijawaambieni."

Mama Lugano alitazama kijiko alichokishika. "Niliposema nilijua," alijibu. "Ila kujua na kusubiri ni vitu viwili. Mgongo unaniuma, kaka."

"Mimi hamjaniuliza," Baba Lugano alisema kutoka kitandani. "Na mimi ndiye ninayefungiwa." Wakageuka wote wawili. "Hiyo mashine naitaka. Nataka kugeuzwa ubavu mchana. Lakini mke wangu akifika pale mlangoni husema, 'Haya, nimerudi.' Nalisubiri hilo kuanzia asubuhi. Sasa kama kuna kitu humu ndani kitakuwa kinaongea kama yeye kutwa, nitajuaje amerudi?"

Mama Lugano aliweka bakuli chini, akatafuta viatu vyake vya shambani. "Nitaomba ruhusa kwa nyapara," alisema. "Nakuja kikaoni."

*

Ukumbi wa mji ulijaa. Kamati ilikaa mbele, watu watano, na mwenyekiti alikuwa mzee wa makamo mwenye sauti ya upole aliyeonekana amechoka na vikao. Bi Nyamizi alitoa maelezo kwa ufasaha. Kisha akaitwa Gwamaka.

"Tumeona rangi za dada yako," mwenyekiti alisema. "Hongera. Tueleze."

"Dada yangu alikuwa wa kijani," Gwamaka alisema, "kwa sababu alikuwa amekata tamaa. Alidhani ninamwogesha mimi. Alivumilia akiniomba msamaha, na mashine ikamjibu kwa niaba yangu kwamba hakuna shida."

Ukumbi ulinong'ona. Wanawake wa mistari ya nyuma walishika midomo.

Mjumbe mmoja, mhandisi, aliinua mkono. "Kipimo kinasoma misuli, pumzi na sauti. Mtu asiyepambana na asiyepiga kelele anasomeka ametulia. Unataka kusema kipimo ni kibovu?"

"Kinapima sawasawa mlichokiambia kipime," Gwamaka alijibu. "Ila dada yangu hakuulizwa. Mimi niliulizwa, nikatoa sauti. Yeye ndiye anayeguswa."

"Kwa hiyo unataka tuziondoe mashine?"

"La. Wangu nabaki naye. Uji wake ni mzuri kuliko wangu." Watu walicheka kidogo, naye akangoja wanyamaze. "Naomba mambo mawili. Binamu azungumze kwa sauti yake, na kila anapomkaribia mgonjwa aseme yeye ni mashine, hata kama atarushiwa sahani. La pili ni hizi saa. Mlitaka kutupunguzia sisi waajiriwa ili wachuma chai wapate. Mimi sikatai kugawana. Lakini saa zimfuate mgonjwa, zisifuate ajira. Dada yangu anahitaji mwanamke wa kumwogesha. Jirani yangu anahitaji mwanaume wa kumgeuza mumewe. Mimi nina saa, yeye hana. Sheria inasema nikimwogesha dada yangu nalipwa. Nikienda kwa jirani, jirani akaja kwangu, hatulipwi hata mmoja, na naandikiwa utoro."

Mwenyekiti alimwona Mama Lugano amesimama nyuma, amevaa buti zenye matope. "Mama, una la kusema?"

"Mimi ndiye jirani," alisema. "Mpango wenu ukipita nitapata Binamu. Namtaka. Mleteni, tena mapema. Ila msimpe sauti yangu. Mume wangu amebakiwa na jambo moja la kungojea kwa siku nzima, nalo ni mimi kuingia mlangoni. Msimchukulie."

Alikaa chini. Bi Nyamizi, aliyekuwa amejiinamia kwenye kiti chake, aliinuka bila kuitwa.

"Mwenyekiti, mimi ndiye niliyeutetea mpango huu," alisema. "Bado naamini kuna wagonjwa ambao sauti inawaokoa. Lakini hatukuwauliza wakiwa na akili ya kujibu, na hilo lilikuwa juu yetu. Naomba sauti zisimamishwe mpaka tuulize. Na hili la kubadilishana saa, naomba tulijaribu katika kata hii. Nitalisimamia mwenyewe."

Kamati ilijifungia hadi jioni. Walipotoka, mwenyekiti alisoma uamuzi. Sauti za ndugu kwenye Binamu zilisimamishwa. Saa za Ulezi hazikuguswa, na kata ile iliruhusiwa kujaribu kuzigawana kati ya majirani, wachuma chai wakihesabiwa. Binamu wapya wangechelewa, kwa kuwa fedha ilikuwa itoke kwenye saa. Wangechelewa kwa muda gani, hakusema.

Nje ya ukumbi, Mama Lugano alisimama chini ya paa akiangalia mvua. "Basi bado nafunga mlango," alisema.

"Asubuhi, ndiyo," Gwamaka alijibu. "Mchana nina ufunguo mimi."

Nafasi ya kusimamia visima vyote alipewa mtu mwingine, kijana mzuri ambaye Gwamaka mwenyewe alimfundisha kazi. Gwamaka alimpa mkono wa pongezi mbele ya wenzake. Aliumia, na hakujifanya kwamba hakuumia. Mchana ulipofika alivua kofia ngumu akaenda zake nyumbani.

*

Siku ya kwanza ya mpango wa kugawana saa, Binamu alimsogelea Tusekile akamwambia kwa ile sauti ya redio, "Mimi ni mashine. Naitwa Binamu. Nimeleta uji."

"Ulete, kisha uondoke," Tusekile alisema. Alikula nusu, akakataa nusu, na mstari wa taa ukawa mwekundu. Hakuna aliyeshtuka.

Mchana alikuja Mama Lugano na sabuni na taulo lake mwenyewe. Gwamaka alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba, hajui aweke wapi mikono. Alikuwa amemweleza dada yake asubuhi hiyo, tangu mwanzo, kama siku zote, na hakuwa na uhakika ni kiasi gani kimebaki.

"Nani huyo?" Tusekile aliuliza, akigeuza uso kuelekea nyayo alizozisikia.

"Ni mimi, Mama Lugano. Nimekuja tuoge."

Tusekile alinyoosha mkono wake mzima, akaushika mkono wa mwenzake, akaupapasa: vidole vigumu vya mchuma chai, pete nyembamba, kovu la panga juu ya dole gumba. Alijiridhisha. Mabega yake yakashuka.

"Na Gwamaka yuko wapi?"

"Niko hapa, Dada. Mlangoni."

"Unafanya nini mlangoni?" Ile sauti ya zamani ilikuwa imerudi, ile iliyokuwa inapanga bei sokoni. "Toka nje. Watu wazima wanaoga."

Alitoka. Alivuka uwanja kwenye mvua nyembamba, akachukua ufunguo mfukoni, akafungua mlango wa jirani. Baba Lugano alikuwa macho, amejiwekea taulo shingoni, kidevu juu, akisubiri kunyolewa.

"Umechelewa," alisema.

"Nimefukuzwa," Gwamaka alijibu, akaanza kukoroga sabuni.